Majina Yaliposhuka Mistari Miwili

Siku ya kuniaga mlinipa kitenge, saa ya ukutani na keki yenye jina langu lililokosewa. Kisha Hadija wa mapokezi akasema mbele ya watu wote, "Mama Conso, usiondoke na yote kichwani. Waandikie hawa watoto." Basi naandika. Nilipandishwa cheo mwaka gani na nani alinipita kwenye foleni ya wakubwa, hayo hayatawasaidia kupima hata tone moja. Nitawaeleza habari za tyubu na lebo, na zile siku chache ambazo hadi leo sijazisahau.

Mimi nilikulia Karagwe, upande wa Tanzania. Nilirudi Kigali na cheti cha maabara, sanduku moja, na Kinyarwanda cha kuombea maji ya kunywa tu. Maabara yetu pale Remera ilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la vitambaa, na ukipanda ngazi asubuhi ulisikia vyerehani kabla hujasikia mtu akikusalimia. Mkuu wa wapimaji alikuwa mzee Faustin, mzaliwa wa Bukavu, mwembamba, mwenye miwani miwili shingoni. Siku ya kwanza nilitegemea anionyeshe hadubini. Akanikabidhi plasta, mkasi na kalamu.

"Damu bila jina iko maji ya rangi tu," akaniambia. "Weye utaanza na majina."

Nilicheka nikidhani ananitania, kumbe wapi. Miezi yote ya mwanzo nilikata plasta na kuandika majina. Ilikuwa hivi: unamwita mgonjwa kwa jina, anaitika, unamwuliza jina lake mwenyewe alitaje, unaliandika kwenye plasta, unaibandika kwenye tyubu, ndipo unamchoma sindano. Ukichoma kwanza na kuandika baadaye, Faustin alichukua tyubu yako akaitupa mbele ya mgonjwa, na wewe ukabaki kumwomba mtu mkono wa pili. Nilitupiwa damu ya padri, ya mwanajeshi, na ya mama mmoja mfanyabiashara ambaye hakunisamehe mpaka alipohama mtaa. Nilimchukia Faustin kwa muda mrefu. Baadaye nikawa kama yeye, na nyie mnajua, maana tyubu zenu nimezitupa sana.

Kompyuta zilipokuja, plasta ikaondoka na mashine ya kuchapa lebo ikaingia. Mashine ile ilikuwa na kichwa kigumu. Inasoma jedwali, na kila mstari wa jedwali inautolea lebo moja, basi. Mgonjwa wa tyubu tatu ni lazima aonekane kwenye mistari mitatu, asipoonekana anapata lebo moja na tyubu mbili zinabaki uchi. Kwa hiyo kazi ya Hadija ikawa kunakili mistari kwa mkono: huyu mara mbili, huyu mara nne, huyu mara moja, simu inalia, mtu anauliza choo kiko wapi, amesahau alikuwa amefika wapi. Saa tano asubuhi alikuwa tayari ana sauti ya mtu aliyegombana.

Aliyetutoa hapo ni Faustin, na mimi sikuamini. Mzee wa watu alikuwa amebakiza muda mfupi tu astaafu, anaandika kwa kidole kimoja, lakini alikaa na ile kompyuta wiki nzima akinung'unika Kifaransa. Siku moja akatuita tukae nyuma yake.

"Ukurasa wa kwanza iko ya Hadija," akasema. "Mutu mumoja, mustari mumoja, na hesabu ya tyubu zake. Ukurasa wa pili iko ya mashini. Hapo hakuna mutu anagusa majina. Majina yanakuja yenyewe."

Akatueleza taratibu. Pembeni mwa majina ya Hadija aliweka safu inayojumlisha kadiri inavyoshuka. Mukamana ana tyubu mbili, kwa hiyo anaishia kwenye mbili. Habimana anayemfuata ana tatu, kwa hiyo anaishia kwenye tano. Sasa kwenye ukurasa wa pili kila mstari una fomula, na fomula hiyo ni kama swali: mimi ni mstari wa ngapi? Wa nne? Basi nimempita Mukamana na sijamaliza Habimana, mimi ni wa Habimana. Inachukua jina lake na kuliandika. Hadija akibadilisha tatu kuwa nne, ukurasa wa pili wote unajipanga upya kabla hujapepesa macho. Tulimpigia makofi. Hadija alishuka chini akarudi na maandazi ya watu wote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tena.

Ukurasa ule wa pili ulitupendeza kiasi kwamba haukubaki wa lebo tu. Faustin akaongeza safu nyingine mbele ya majina, ya kuandikia majibu ya vipimo. Majina yaliletwa na fomula, majibu aliyaandika yeye kwa kile kidole chake. Mstari mmoja, vitu viwili ubavu kwa ubavu, kimoja kinatembea na kingine kimekaa. Tuliutazama ukurasa huo kila siku na hakuna aliyeshtuka.

Ndipo shule moja ya msingi ya Kagarama ikatuomba tuwapime watoto na wazazi wao. Walitaka kila mmoja awe na kadi ya kundi la damu na wingi wa damu, vipimo viwili kwa kila mtu, bila kubagua. Tulihamia kwenye darasa moja tangu asubuhi. Familia zilikuja pamoja, zikaandikishwa pamoja kwa kufuata orodha ya shule: mtoto, kisha mama, kisha baba. Mchana majibu yote yalikuwa yameshaandikwa na Faustin alikuwa anafungasha vifaa.

Wakati huo ndipo alipoingia mwalimu mkuu wa zamani wa shule ile, mzee wa mkongojo na suti iliyopigwa pasi, amekuja kumsindikiza mjukuu. Walimu wote wakasimama. Hadija naye akasimama, akampa kiti chake mwenyewe, akamwandikisha. Nyie mmelelewa hapa hapa, niambieni: mzee kama huyo unamwandika wapi? Chini kabisa, baada ya watoto wa darasa la kwanza na mlinzi wa geti? Hadija ni mtoto wa Nyamirambo, babu yake alikuwa mfanyabiashara aliyekuja na biashara yake kutoka pwani, nyumbani kwao mtu mzima hapiti mlangoni nyuma ya mtoto. Akaongeza mstari juu ya wote, akamweka mzee wa kwanza, vipimo viwili. Mzee aliliona jina lake juu, akafurahi. Kisha akaambiwa sindano zimeshafungwa, arudi kesho kule Remera. Akasema haina shida, akaenda zake, na kesho yake hakuja. Sisi asubuhi tukachapa kadi na kuzipeleka shuleni.

Wiki kadhaa zikapita. Siku moja akaja mwanamume wa makamo, mikono ina grisi kwenye mistari ya vidole, akasema anaitwa Innocent na anauza vipuri vya pikipiki pale Sonatubes. Alikuwa na kadi tatu zilizofungwa kwa mpira. Akazipanga mezani kwangu. Yake ilisema AB. Ya mkewe Chantal ilisema A. Ya binti yao Keza, wa darasa la kwanza, ilisema O.

"Mama, mutu wa AB anaweza kuzaa mutoto wa O?" akaniuliza. Kwa uso wake nilijua jibu analo tayari, kwamba haiwezekani, amelitoa kwenye simu au kwa jirani.

Nikamwambia kaa, tuwapime upya wote watatu, bure, leo hii. Akakataa. Alisema kadi ni zetu, muhuri ni wetu, yeye hataki kuchomwa mara ya pili ili aambiwe jambo lile lile. Alichotaka ni barua yenye muhuri, inayosema mtoto si wake, aipeleke kwenye kikao cha familia. Mke alikuwa ameshaondoka na mtoto, wako kwa dada yake hapa hapa Remera. Nikamwambia barua ya namna hiyo sitoi, wala mwenzangu yeyote hatoi, mpaka nione damu. Akakusanya kadi zake. Mlangoni akasimama, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha mtoto yule kutembea. Kisha akashuka ngazi. Nilibaki nimekaa, na niseme kweli, niliamini kadi. Nilimwonea huruma kama unavyomwonea mtu mwenye msiba.

Kesho yake akaja Chantal. Alikuwa mwanamke mfupi, mtulivu, amemshika Keza mkono, na hakukaa nilipomkaribisha.

"Mume wangu alikuja hapa jana," akasema. "Sikuja kubishana habari zake. Nimekuja kwa sababu ya kadi yangu. Mimi si A."

Nikamwuliza anajuaje.

"Nilipomzaa huyu nilitoka damu nyingi, nikaongezewa. Waliniandikia O, wakaniambia nisisahau maisha yangu yote. Nilimwambia Innocent siku ile ile kadi zilipokuja. Nikamwambia, papa Keza, hii kadi yangu imekosewa, kama yangu imekosewa na zenu pia ziangaliwe. Akasema mwanamke akibanwa hakosi la kusema."

Alivuta pumzi. Kisha akaongeza, akimtazama mtoto ambaye alikuwa anacheza na kamba ya pazia, "Huyu amekatazwa kumwita papa. Innocent alimwambia mwenyewe, mlangoni, tukitoka. Tangu siku hiyo hamtaji kwa jina lolote."

Ndugu zangu, hapo niliacha kuamini kadi. Mtu aliyewahi kuongezewa damu haongopi kundi lake, na kama angekuwa A halafu akapewa kadi ya A, angenyamaza. Nilimwita Faustin. Nikamwita na Hadija. Tukafungua faili la siku ile ya shule, Chantal amesimama nyuma yetu.

Mwanzoni hatukuona kitu. Majina yamepangika, majibu yamepangika, kila kundi la damu liko kwenye mstari wa kundi la damu, kila wingi wa damu uko mahali pake. Tukashuka hadi mwisho. Jina la mwisho lilikuwa la mlinzi wa geti, na mbele yake hapakuwa na jibu lolote. Nikasema labda aliogopa sindano. Faustin akasema hapana, anamkumbuka, walizungumza habari za mpira wakati anamchoma. Tukapanda hadi mwanzo. Jina la kwanza lilikuwa la yule mwalimu mkuu wa zamani, na mbele yake palikuwa na majibu mawili kamili.

Hadija aliweka mkono mdomoni. "Huyu mzee hakuchomwa," akasema. "Mama Conso, huyu hakutolewa damu kabisa."

"Basi hii damu ni ya nani?" nikauliza.

Hadija akampigia simu mzee, akaweka sauti ya wote kusikia. Akamwuliza kwa adabu zote kama alipata kadi. Mzee akasema ndiyo, anayo mfukoni, aliletewa na mjukuu, na anashukuru. Hadija akamwuliza kama alirudi kupimwa. Mzee akasema hapana, hakurudi, alidhani siku hizi tunapima kwa kumtazama mtu tu. Siku nyingine yoyote ningecheka mpaka nikae chini.

Faustin alivaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza. Akaenda ukurasa wa kwanza, akaufuta mstari wa mzee, kisha akarudi ukurasa wa pili. Tukaona kwa macho yetu. Majina yote, darasa zima, shule nzima, yakapanda mistari miwili kwa mpigo, na majibu hayakusogea hata kidogo. Mlinzi wa geti akapata damu yake. Kwa Innocent pakasomeka A. Kwa Keza pakasomeka A. Kwa Chantal pakasomeka O.

"Iko pale," Chantal akasema nyuma yetu.

Kilichotokea ni hicho tu. Hadija alipomweka mzee juu, fomula zikafanya kazi yake: kila mstari ukajiuliza upya mimi ni wa nani, na kila mtu akashuka nafasi ya mtu mmoja. Majibu yaliyoandikwa kwa mkono yakabaki yalipokuwa. Kila mtu akachukua damu ya anayemfuata, na Keza akachukua ya mama yake. Na kwa kuwa wote walikuwa na vipimo viwili viwili, hakuna kilichoonekana kimepinda. Mzee angekuwa na vipimo vitatu, makundi ya damu yangeangukia kwenye mistari ya wingi wa damu na hata mtoto angeshtuka. Heshima ya Hadija na ufundi wa Faustin, kila kimoja kizuri peke yake, vilikutana kwenye ukurasa mmoja.

Faustin alikaa sakafuni. Sijawahi kumwona akikaa sakafuni kabla wala baada. "Tumegawa damu ya watu," akasema, "na wanatembea nayo mufukoni." Hapo ndipo mimi nilipoelewa ukubwa wake. Wazazi wale wanapanda pikipiki kila siku. Mmoja angegongwa, akafikishwa hospitali na kadi yetu, na muuguzi mmoja mwenye haraka akaiamini, tungekuwa tumemwua kwa muhuri wetu. Tulipiga simu kwa kila familia. Walimu walisimama getini siku mbili wakikusanya kadi, na sisi tukarudi kwenye lile darasa na sindano, kuchoma upya kila mtu, akiwemo mzee, ambaye safari hii aliomba mwenyewe awe wa mwisho.

Ninyi mmekuta sheria ukutani na mnaisoma kama sala: kabla jibu lolote halijaandikwa, majina yanakiliwa na kubandikwa kama maneno matupu, bila fomula, yasiweze kutembea tena; na jibu linafuata namba ya tyubu, halifuati mstari. Fomula ya kurudufu mistari ni nzuri, itumieni, mimi mwenyewe naipenda hadi leo. Lakini irudufu, imalize, ndipo muigandishe. Mkiona mtu anaandika kwa mkono ubavuni mwa kitu kinachotembea, mwondoeni kwenye kiti hata kama ni mkubwa wenu.

Innocent nilimpigia mwenyewe. Nilimweleza yote kwenye simu. Akakubali kuja. Chantal pia akaja na Keza, kwa sharti moja, kwamba wachomwe wote chumba kimoja mbele ya macho ya wote. Niliwaita majina, nikawauliza majina, nikabandika lebo, nikachoma, kama nilivyofundishwa na plasta. Wakasubiri. Faustin alitoka na majibu mkononi akayasoma kwa sauti. Innocent A. Chantal O. Keza A, kama baba.

Innocent alianza kulia papo hapo, mwanamume mzima, amefunika uso kwa ile mikono ya grisi. Akasema, "Chantal, unisamehe. Twende nyumbani."

Chantal alichukua kadi yake na ya mtoto, akaziweka kwenye mkoba. "Miaka yote hii uliishi na mimi," akasema. "Hizo kadi uliishi nazo chakula kimoja cha jioni. Mimi nilikwambia, na zenyewe zikakwambia, ukachagua zenyewe. Leo unalia kwa sababu zimebadilisha maneno. Zisingebadilisha, ungekuwa wapi?"

Nilitaka kusema kosa ni letu, na nikasema, na Chantal akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Lakini alikuwa anamtazama mumewe.

Keza alikuwa amekaa kwenye kiti kirefu, pamba imebanwa kwenye mkono wake. Alikuwa amemtazama baba yake akilia tangu mwanzo hadi mwisho. Sasa akanigeukia mimi, mimi mwenye koti jeupe, akaniuliza taratibu, "Tanti, sasa naruhusiwa kumwita papa?"

Nikamtazama Innocent anijibie. Naye alikuwa ameinua uso, ananitazama mimi, anasubiri niseme.